Kabla hujalipia hiyo Datsun 240Z, fungua zulia kwanza

Mkuu, umesema hiyo 240Z uliyoiona Ujiji imepigwa rangi mpya, na muuzaji anakuhakikishia kwamba Ziwa Tanganyika ni maji baridi, hayana chumvi, kwa hiyo gari la Kigoma haliliwi na kutu. Kuhusu ziwa amesema kweli. Kuhusu kutu, hapana, na mimi nililipia kujua hivyo.

Niko Tabora. Yangu ni ya mwaka 1972. Tangu utotoni nilisikia wazee wakiisimulia: dereva Edgar Herrmann alivyoshinda nayo mbio za magari za Safari Rally 1971, Shekhar Mehta akashinda nayo tena 1973. Basi nilipoiona inauzwa, moyo ulishanunua kabla sijafungua mlango. Niliizunguka mara mbili, nikasikiliza ile injini ya silinda sita, nikatoa hela.

Mvua za Novemba zilipoanza, nikawa naendesha miguu imelowa. Fundi bodi akang'oa zulia upande wa dereva, akasimamisha bisibisi juu ya sakafu na kuisukuma taratibu. Ikazama mpaka kwenye mpini. Alipoichomoa, tukaona mchanga wa gereji kupitia tundu lile.

Maji yalikuwa yanatokea juu, kwenye matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele, pale zinapokaa waipa. Humo ndani kuna mfereji wenye njia za kutolea maji. Gari lilikuwa limeegeshwa chini ya mwembe miaka mingi, majani yakajaa humo, yakaoza yakawa tope jeusi, maji yakakosa pa kupita. Kwa hiyo anzia hapo. Omba ndoo ya maji, mimina polepole chini ya kioo. Yanatakiwa kushuka upesi na kudondoka nyuma ya magurudumu ya mbele. Yakituama, au ukiyakuta ndani miguuni, umeshapata jibu la kwanza.

Kisha nenda nyuma. Inua zulia, toa tairi la akiba, pitisha mkono kwenye shimo lake. Mmiliki wa kwanza wa gari langu alikuwa akipita Uvinza na kupakia chumvi nyuma ya viti. Nilikuta chembe zake zimeganda kwenye maungio, na chumvi huvuta unyevu hata kiangazi. Bati lilikuwa linamomonyoka kama biskuti. Kwa hiyo muulize muuzaji gari limefanya kazi gani na limelala wapi, na kama liliwahi kukaa Dar karibu na bahari.

Rangi mpya isikutulize. Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa laini isikwaruze, ipitishe chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu na pembe za chini za madigadi. Ikishika hapa na kule ikateleza, pale pana puti nene, ile ya kuzibia na kusawazisha bati kabla ya rangi, na chini ya puti huenda hamna bati kabisa. Gonga kwa kifundo cha kidole pia, puti hulia kizito.

Ila roho ya gari hili iko chini. Halina chesisi ya peke yake kama Land Rover za zamani, bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Lala uvunguni utazame zile boriti mbili zilizochomelewa chini ya sakafu, halafu fuata boriti ya upande wa betri mpaka juu, maana asidi ikivuja hula rangi na kuteremka nayo. Ukikuta zimepakwa lami nzito ya juzijuzi, omba ruhusa ukwangue kidogo. Baadaye piga jeki kona moja ya mbele, fungua na ufunge mlango wa upande huo. Mlango ukianza kukwama, wakati gari likiwa chini ulifunga vizuri, mbavu ya chini ya mlango imelegea.

Sakafu iliyotoboka peke yake isikukimbize, fundi mzuri huikata na kuchomelea bati jipya. Boriti na mbavu zikiwa zimeoza, mimi ningeiacha hata akishusha bei nusu.

Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, na tochi, sumaku, bisibisi na gunia la kulalia. Ukipiga picha za chini, ziweke hapa tuzitazame pamoja.