Sanje, Udzungwa: siku moja inatosha, ila usitokee Dar

Mkuu, umeuliza kama unaweza kwenda kuona maporomoko ya Sanje, kwenye hifadhi ya milima ya Udzungwa kule Morogoro, na wanao wawili mkarudi siku hiyohiyo. Inawezekana, mradi usiku wa kuamkia safari mmelala Mikumi au Mang'ula. Mimi mara ya kwanza nilitoka Dar alfajiri nikajiona mjanja. Nilifika saa zimekwenda, nikaambulia picha za getini.

Mara ya pili ilikuwa Agosti, tukalala Mikumi. Ukishavuka mto Ruaha pale Kidatu, miwa inaanza, na milima iko mkono wako wa kulia muda wote. Hapa ndipo wengi wanapopoteza muda: Sanje unaipita njiani, lakini sisi ilibidi twende hadi makao makuu ya hifadhi Mang'ula kulipia na kuchukua mwongozaji, kisha turudi tulikotoka kama kilomita kumi ndipo tuanze kupanda. Taslimu hawapokei, kwa hiyo weka salio kwenye simu au kadi kabisa.

Ndani ya hifadhi hakuna barabara ya gari. Ni miguu tu. Kwa Sanje tenga saa nne, na kama mna watoto ongeza moja. Dakika ishirini za mwanzo utatoka jasho la kukamua shati, halafu miti inafunga juu na ubaridi unakushika shingoni. Tulikuta kinyesi cha tembo kwenye mteremko ambao mimi niliupanda kwa mikono na miguu. Mpaka leo sijui yule mnyama alipitaje.

Mbega wekundu tuliwaona wengi. Ngolaga, yule nyani wa Sanje asiyepatikana kwingine duniani nje ya milima hii, tulimsikia tu. Vitabuni wanaandika aligunduliwa 1979, wakati wenyeji walishampa jina zamani.

Maji yanashuka zaidi ya mita 170 kwa hatua tatu. Kule juu kuna madimbwi ya kuogelea, maji baridi ya kukata pumzi, na ukigeuka unaliona bonde la Kilombero lote limelala chini. Siku ile walikuwa wanachoma miwa. Majivu meusi membamba kama nyuzi yalipanda na upepo yakawa yanatua juu ya maji, tukawa tunayapuliza pembeni ndipo tuchote.

Sasa nisikilize hapa: kupanda si kazi, kazi ni kushuka. Njia ina majani makavu juu ya udongo laini, na karibu na poromoko la chini manyunyu yanalowesha mawe. Nilivaa raba zilizoisha soli, nikaanguka mara mbili, ya pili nikakaa kabisa. Goti lilinisumbua wiki nzima. Viatu vyenye meno, suruali ndefu ichomekwe kwenye soksi (siafu hawana adabu), maji lita mbili kila mtu. Masika usiende na watoto, utelezi wake si wa mchezo.

Kama mdogo bado anaomba kubebwa, achaneni na Sanje. Pale pale Mang'ula kuna njia ya Prince Bernhard, kama kilomita moja hivi, unafika kwenye poromoko dogo na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Wana umri gani?