Utando wa uyoga kushika kikapu cha milulu bila gundi

Je, utando wa uyoga, yaani nyuzi nyeupe ambazo uyoga huota kutoka kwake, unaweza kujishikiza kwenye kikapu cha milulu (majani ya kusukia vikapu) bila gundi? Ndiyo, unashika. Utando wa uyoga hula selulosi, kitu kinachojenga nyuzi za mimea, na milulu yenyewe ina selulosi nyingi, kwa hiyo nyuzi zake hujipenyeza mle mle kwenye msuko. Nalima uyoga aina ya mamama hapa Iringa. Nilijaza magunzi yaliyopondwa na mbegu za uyoga kwenye kikapu, nikakiacha gizani wiki tatu. Kujaribu kuvitenganisha, magunzi yakameguka kabla ya kuachia milulu.

Ila chemsha vyote viwili, magunzi na kikapu pia, vipoe kabisa ndipo uchanganye na mbegu. Kikapu changu cha kwanza sikukichemsha, kikaota ukungu wa kijani, nikakitupa. (Chenye rangi kitachuja, chukua cheupe.) Juni na Julai baridi yetu inauchelewesha sana, uweke karibu na jiko.

Mwisho kausha kwenye oveni, nyuzijoto 80 hivi, utando ufe. Ukiuacha hai utachuma uyoga sebuleni. Kampuni ya Ecovative ya Marekani nayo hukausha kwa joto vifungashio vyake vya utando. Kwa kivuli cha taa au trei ni sawa, kwa chungu cha maua hapana: maji yakikaa unalainika.