Sala ya Idi kwenye kiwanja cha jirani: kanisa lifanye nini?

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni shemasi wa kanisa moja hapa Katuba, Lubumbashi. Ukuta wetu unapakana na kiwanja cha mpira ambapo Waislamu wa kartie (mtaa) yetu husali Idi. Safari hii Idi inaweza kuangukia Jumapili. Vijana wa kwaya wanataka tutoe bafle (spika) nje tuimbe kwa nguvu mpaka wale wamalize. Wengine wanasema tuzunguke kiwanja kama Waisraeli walivyozunguka Yeriko mpaka kuta zikaanguka, wengine tugawe trakti (vikaratasi vya Injili) watu wakitoka. Na imamu naye ametualika wazee wanne tukae nao, kisha tule pamoja. Tukienda, tutakuwa tumeabudu nao? Na tarehe 6 Aprili, Wakimbangu, wale wa kanisa la Simon Kimbangu, wakipita na fanfari (bendi ya tarumbeta) mbele ya lango letu, hao tuwahesabu vipi?

JIBU: Bwana asifiwe, Papa Shemasi. Nianze na Yeriko, maana hapo ndipo vijana wanaweza kuwatia katika hatari kubwa wakidhani wanatii Maandiko.

Kuzunguka Yeriko kulikuwa amri iliyotolewa kwa taifa moja, katika vita moja, kwa mji mmoja. Hakuna mtume aliyeirudia. Vijana wakitoka Yeriko kwa kawaida wanakimbilia kwa Eliya pale Karmeli, basi wasomeeni vizuri. Eliya aliwaita Israeli, watu wa agano waliomwacha Bwana wakamfuata Baali. Hakuwaita majirani wa dini nyingine. Sura moja nyuma, 1 Wafalme 17, Eliya huyohuyo anakaa Sarepta, nchi ya Sidoni, yaani nchi iliyomwabudu Baali. Analala kwa mjane wa kule, anakula unga wake na mafuta yake, anamwombea mtoto wake. Hatusomi kwamba alivunja madhabahu hata moja ya mji ule. Na Gideoni? Madhabahu ya Baali aliyoibomoa ilikuwa ya baba yake mwenyewe, Yoashi. Ukiyapanga maandiko hayo matatu mbele ya kwaya, kijana ataona mwenyewe kwamba ukali wa manabii uligeukia kwanza nyumba yao. Na wale wanafunzi wawili waliotaka moto ushuke juu ya kijiji cha Wasamaria, Luka 9, walikemewa na Bwana mwenyewe.

Tuje kwenye kiwanja. Katiba yetu ya Kongo ya 2006, kifungu cha 22, inampa kila mtu haki ya kuonyesha dini yake, peke yake au katika kundi, hadharani au faraghani, mradi aheshimu sheria, usalama wa watu wote, maadili mema na haki za wengine. Kifungu cha 26 kinawataka wanaoandaa mkusanyiko wa barabarani au wa mahali pa wazi waiarifu serikali kwa maandishi. Ni vifungu hivyohivyo mnavyosimama juu yake mkifanya kampeni ya uinjilisti kwenye kiwanja hichohicho. Mkiwazuia Waislamu saa moja ya asubuhi, siku ya kampeni yenu mtamwambia nini sefu wa kartie (mkuu wa mtaa) mtu akija kulalamika juu ya sono (vyombo vya sauti) yenu ya saa nne za usiku? Hili naomba wazee walitamke waziwazi mbele ya vijana, msilinong'one kikaoni tu.

Sasa kalenda. Mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, kwa hiyo Idi ya kumaliza Ramadhani hujulikana kwa hakika jioni ya kuamkia siku yenyewe, mwezi ukionekana. Jiandaeni kwa siku mbili. Idi ya kuchinja ni rahisi zaidi, kwa sababu huwa siku ya kumi ya mwezi wake, kwa hiyo mnaijua zaidi ya wiki moja mapema. Sala ya Idi haina adhana wala ikama, yaani wito wa pili wa kusimama kusali. Ni rakaa mbili zenye takbira (kutamka “Allahu akbar”) za ziada, kisha hotuba, kinyume cha Ijumaa ambapo hotuba hutangulia. Huanza jua likishapanda kidogo. Ile ya kuchinja huwahishwa ili watu wakachinje. Ile ya Ramadhani husogezwa kidogo ili wanaochelewa watoe kwanza zaka yao ya fitri. Rakaa zenyewe kwa kawaida hazizidi robo saa, kisha hotuba huongeza kitambo. Kwa hiyo tatizo lenu si la asubuhi nzima. Ni kama saa moja hivi, na kuliondoa si kazi: ibada ya kwanza icheleweshwe kwa saa moja Jumapili hiyo, itangazwe Jumapili mbili kabla, na mtu mmoja apewe kazi ya kupata namba ya katibu wa msikiti na kumpa ya kwenu. Jumamosi jioni wapigiane.

Kama ibada haiwezi kusogezwa, shughulikieni sauti. Bafle zote ziwe ndani, mgongo wake kwa upande wa kiwanja, madirisha ya upande huo yafungwe, na ngoma na gitaa la besi vipumzike wakati wa rakaa zile mbili. Besi hupita ukuta hata bafle ikiwa imegeuzwa, ndiyo maana kuigeuza peke yake hakutoshi. Mahali pa wazi sauti hupungua kwa desibeli (kipimo cha sauti) sita hivi kila umbali unapokuwa mara mbili, kwa hiyo bafle ikirudishwa kutoka mita kumi hadi mita arobaini kutoka mpakani, jirani anaisikia kwa nafuu kubwa bila ninyi kunyamaza. Mashindano ya sauti huharibika kwa njia moja kila mara: huyu anapandisha, yule anapandisha, mwisho hakuna anayesikia mahubiri upande wowote. Na mgeni aliyekuja kanisani kwenu kwa mara ya kwanza anaondoka akiwa amejifunza kwamba Wakristo huimba ili kumuudhi mtu. Sifa iliyokusudiwa sikio la adui haikupelekwa kwa Mungu. Mwalimu wa kwaya alijue hilo kabla ya kuchagua nyimbo.

Jambo dogo ambalo huleta ugomvi mkubwa: kupita mbele ya anayesali. Kwa Mwislamu ni kosa zito. Kutoka Lubumbashi, Makka iko kaskazini, ikielekea mashariki kidogo, basi safu zitatazama huko. Kama lango lenu liko upande wa kaskazini wa kiwanja, waumini wenu wanaokata njia ya mkato watapita mbele ya nyuso zao. Wekeni mashemasi wawili kwenye njia hiyo mapema, wawapitishe watu nyuma ya safu au kwa avenyu ya upande wa pili. Watoto hasa.

Kuhusu mwaliko wa imamu, jibu langu ni nendeni. Kuwapo si kuabudu. Kuabudu ni tendo la mwili na la kinywa: kuingia safuni, kuinama na kusujudu, kutamka shahada (ukiri wa imani ya Kiislamu), kuitikia dua. Hayo hamtayafanya. Naamani, jemadari wa Shamu, alimwambia nabii Elisha kwamba angelazimika kuinama katika nyumba ya Rimoni, mungu wa kwao, mfalme wake akiegemea mkono wake, na Elisha akamwambia aende kwa amani. Ninyi hamna mfalme anayewaegemea, kwa hiyo msiiname kabisa. Kaeni kwenye viti, nyuma au pembeni, viatu mvue mkikanyaga mkeka, simu zizimwe. Wamama wakienda wajifunike kichwa, wavae vazi refu. Salamu mjibu. “Idi njema” semeni bila woga: ni kumtakia mtu furaha ya siku yake, wala si kukiri imani yake. Vatikani imekuwa ikiwatumia Waislamu ujumbe wa kumaliza Ramadhani tangu 1967, na hakuna Mkatoliki aliyeulizwa kwa sababu hiyo kama bado anamwamini Kristo.

Mkipewa mikro (kipaza sauti), atasimama mmoja tu, dakika mbili, na maneno yawe yameandikwa. Mfano: “Majirani zetu, tunawashukuru kwa kutualika. Sisi wa kanisa la hapa pembeni tunawatakia siku ya furaha pamoja na watoto wenu. Tunamwomba Mungu aupe mji wetu amani.” Basi. Msihubiri, kwa sababu mmealikwa mezani kwa mtu. Lakini pia msiseme kwamba dini zote ni njia moja. Imamu hatawaamini. Anajua kwamba Kurani inakataa Yesu kuwa Mwana wa Mungu, nanyi mnajua kwamba bila hilo hakuna Injili. Heshima inayojengwa juu ya uongo mdogo haidumu hadi Idi inayofuata. Siku nyingine mkialikwa kwenye maombi ya amani ya dini nyingi, kagueni programu kwanza. Pale Assisi mwaka 1986, Papa Yohane Paulo wa Pili alipowaita viongozi wa dini, kila dini ilisali sala yake yenyewe. Programu ya namna hiyo mnaweza kuikubali. Programu inayowataka wote watamke sala moja iliyochanganywa, shukuruni na mjiondoe.

Chakula. Kwa Idi ya kumaliza Ramadhani sioni swali: wali, sambusa na chai ni chakula cha sherehe, kuleni. Idi ya kuchinja ndiyo inayogawanya makanisa. Nyama ile imechinjwa kwa kumkumbuka Ibrahimu, na kwa desturi hugawanywa mafungu matatu: la nyumbani, la ndugu na marafiki, la maskini. Paulo, 1 Wakorintho 10, anasema asiyeamini akikualika, kula unachowekewa bila kuulizauliza. Lakini mtu akikuambia kwamba hiki kimetolewa sadaka, usile, kwa ajili ya dhamiri ya huyo aliyesema. Paulo alikuwa anazungumzia sadaka za sanamu, na hapa hakuna sanamu. Kwa hiyo mimi simhesabii dhambi anayekula. Ila kama mmoja wa wazee wanne dhamiri yake inamchoma, asilazimishwe, naye asiwahukumu wenzake. Ale wali na mboga, anywe soda yake. Liamueni hili kabla ya kutoka nyumbani. Wazee wanaobishana mbele ya sahani wanamuaibisha mwenye nyumba, na habari inafika sokoni kabla yao.

Trakti msigawe mlangoni mwa sala. Si kwamba Injili inawaaibisha. Paulo pale Athene alichomwa rohoni kuona mji umejaa sanamu, lakini akaenda kujadiliana katika sinagogi na sokoni, kila siku, na wale waliomkuta. Mtu wa sokoni ana nafasi ya kusimama au kwenda zake. Mtu anayetoka kwenye sala na watoto wake wamevaa nguo mpya hana. Kinachotokea hujulikana: trakti moja inachanwa, kijana mmoja anachukua video, kufikia jioni WhatsApp inasema Waislamu wamechana Biblia. Na kule Efeso, ghasia ya kumtetea Artemi, mungu wa kike wa mji ule, ilipotulizwa, mwandishi wa mji asiyekuwa Mkristo aliweza kusimama na kusema kwamba watu hawa hawakuiba vya hekalu wala hawakumtukana mungu wetu. Natamani sefu wa kartie yenu aweze kusema hivyo juu yenu. Kijana mwenye hamu ya kushuhudia ana wiki nzima baada ya Idi, na ana mwanafunzi mwenzake Mwislamu darasani. Petro alisema tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini letu, tena kwa upole. Atauliza, mkimpa sababu ya kuuliza.

Na kama mkusanyiko unavuka mpaka kweli, kwa mfano barabara ikizibwa siku nzima au mhubiri akitukana imani yenu kwenye mikro? Nendeni kwa imamu kwanza, watu wawili, siku inayofuata, hasira ikiwa imepoa. Asiposikia, sefu wa kartie. Kisha barua kwa komini (ofisi ya manispaa), mkibaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, iliyoandika tarehe, saa na kilichotendeka, bila neno lolote juu ya dini yao. Kundi la vijana lisitumwe kwa vyovyote.

Sasa Wakimbangu. Hapo natofautisha, kwa sababu wao wanajiita kanisa la Kristo. Simon Kimbangu alikuwa katekista aliyebatizwa na wamisionari Wabatisti. Alianza kuhubiri na kuwaombea wagonjwa Nkamba tarehe 6 Aprili 1921, akawaambia watu watupe uchawi wao na mwanaume awe na mke mmoja. Mwaka huohuo Wabelgiji walimhukumu kifo, Mfalme Albert akabadilisha kuwa kifungo cha maisha, akaletwa huku kwetu Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi. Alikufa gerezani hapa Lubumbashi tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka thelathini. Tangu 2023 tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa zima. Tofauti ya mafundisho ipo na ni nzito: Baraza la Makanisa Ulimwenguni lililowapokea mwaka 1969 lilisitisha uanachama wao mwaka 2021, na hoja ilikuwa namna wanavyomtaja Kimbangu kuwa Roho Mtakatifu aliyetwaa mwili. Hilo hamwezi kulikubali, na darasa lenu la katekisimu lilifundishe wazi. Lakini mtu aliyefia imani yake katika gereza la mji huu anastahili Mkristo wa Lubumbashi asimame kwa adabu anapokumbukwa. Fanfari ikipita, msikate safu yao kwa miguu wala kwa pikipiki, fungueni lango badala ya kulifunga. Watakuwa wametembea mbali juani na tarumbeta zao, kwa hiyo wekeni ndoo ya maji safi na vikombe hapo nje.