Majivu ya pumba ndani ya zege: kabla hujaniuliza "ndoo ngapi kwa mfuko?"

Majibu ya maabara yametoka, na nimeyabandika ukutani juu ya meza ya mizani ili kila anayeingia kiwandani ayaone kabla hajafungua mdomo. Vile vipande vya zege tulivyopeleka Mbeya mjini kuvunjwa ili kupima nguvu yake, vya sentimita 15 kila upande, vimepita. Siku ya 7 vyenye majivu ya pumba za mpunga vilikuwa nyuma ya vile vya saruji tupu. Siku ya 28 vikawa vimevikuta, na kundi moja likavuka kidogo. Tangu nirushe picha ya ile karatasi, meseji haziishi. "Dada, mtaji kiasi gani?" "Dada, ndoo ngapi za majivu kwa mfuko wa saruji?" Wapambanaji wenzangu, najua wengi mnataka kile ninachokitaka mimi pia: tofali nzuri, gharama chini, na jina lako likae mjini. Nitawajibu wote hapa, ila mnivumilie kidogo.

Aliyewahi kukaa Ubaruku, eneo la mpunga wilayani Mbarali, msimu wa mavuno anaujua mlima wa pumba nyuma ya mashine za kukoboa. Katika kila kilo 100 za mpunga, kama 20 ni pumba. Wachoma tofali wanachukua zao, nyingine zinawashwa moto palepale, na moshi unalala majumbani kwa watu usiku kucha. Mimi nilikuwa nafyatua tofali za saruji, na bei ya saruji ilikuwa inanimaliza. Mteja mmoja aliyesomea ujenzi ndiye aliyenifungua macho: majivu ya pumba, yakichomwa vizuri, asilimia 85 hadi 95 ni silika.

Sikulala siku hiyo. Nikamng'ang'ania anieleze, naye akaeleza vizuri. Saruji ikikutana na maji inaganda, lakini pia inaachia chokaa ambayo inabaki ndani ya zege bila kazi kubwa. Silika ya majivu inaikamata chokaa hiyo na kuigeuza kuwa gundi ileile inayoshika mchanga na kokoto. Ndiyo maana nguvu yake inachelewa: majivu yanasubiri chokaa itoke kwanza. Warumi walifanya hivyo kwa majivu ya volkano, na kuba la Pantheon, hekalu la kale pale Roma, limesimama karibu miaka 1,900 bila nondo hata moja.

Nikaanza. Na nikaanza kudharauliwa. Msimamizi wa mradi mmoja, simtaji, alikuwa ameniagiza tofali za uzio. Aliposikia ndani kuna majivu alisema mbele ya mafundi wangu, "Sisi hatujengi kwa takataka." Nilimwomba achukue chache akazipime kwa gharama yangu, akakataa hata kuzishika. Oda ikafa, tofali zikabaki uwanjani kwangu zikinyeshewa masika yote, na mafundi wawili wakaniacha. Inaniuma mpaka leo, sitasema uongo. Tofali zile nimejengea uzio wangu mwenyewe. Ziko pembeni mwa barabara, zimekula mvua na jua, kona zake bado zinakata. Anayetaka aje na nyundo.

Na aliyeita hizo takataka aangalie saruji yenyewe inavyopatikana. Mawe ya chokaa yanapikwa kwa joto la nyuzi kama 1,450. Sehemu kubwa ya hewa ya ukaa haitoki hata kwenye kuni au makaa, inatoka ndani ya jiwe lenyewe likiiva, kwa hiyo hata ukibadilisha moto, hewa hiyo itatoka tu. Dunia nzima, saruji inabeba kama asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Halafu sisi tunaunguza pumba bure na kwenda dukani kununua mifuko zaidi! Jamani, tubadilike.

Sasa majivu. Usiende kuzoa kwenye tanuri la tofali ukadhani umemaliza. Tanuri lina joto kali mno. Silika ikipita nyuzi kama 700 na kukaa humo inageuka fuwele ngumu, kama chembe za mchanga, zisizotaka kushikana na chochote. Chota majivu mkononi uyaangalie kwenye mwanga. Yakiwa meusi, hayajaiva, yana mkaa ndani na yatakunywa maji yako yote. Yakiwa meupe yenye kuelekea waridi, yameungua kupita kiasi. Nayataka ya kijivu, mepesi, yanayopukutika kati ya vidole. Mimi nachomea kwenye pipa lililotobolewa pembeni, moto wa taratibu, bila kuchochea. Kisha yanasagwa kwenye pipa jingine la chuma linalozungushwa na mota, ndani kuna vipande vya nondo nene, hadi yawe laini kama saruji. Yasiyosagwa hayafai. Na mvae barakoa, vumbi la silika linaharibu mapafu.

Kuhusu ndoo: hakuna ndoo. Pima kwa kilo. Majivu ni mepesi kuliko saruji, ndoo moja ya majivu si sawa na ndoo ya saruji. Mimi naondoa kilo 5 kwenye mfuko wa 50 na kuweka kilo 5 za majivu, yaani asilimia 10. Ukitaka kufika asilimia 15 au 20, pima, vunja, ndipo uamue. Nasisitiza kupima kwa sababu nimeona watu wanakadiria kwa koleo halafu wanasema majivu ndiyo mabaya.

Soma pia mfuko wa saruji. Ukiandikwa CEM IV (hiyo ni alama ya aina ya saruji), mtengenezaji ameshaweka majivu ya volkano au kitu cha namna hiyo, na CEM IV/B inaweza kuwa nayo hadi asilimia 55. Ukiongeza yako, chokaa ya kushikana nayo itatoka wapi? Mimi natafuta CEM I (saruji isiyoongezwa kitu) au CEM II/A (iliyoongezwa kidogo), yenye daraja la nguvu la 42.5. Halafu kumwagilia: wiki mbili, siyo siku tatu. Zege hili linakua polepole, ukiliacha likauke mapema umeliua.

Wanaoniuliza kuhusu kifusi: kinafaa badala ya sehemu ya kokoto, lakini kiloweke kwanza kwa sababu kinanyonya maji, na toa jipsam yote maana inakula zege kwa ndani. Chupa za kioo nazo zisagwe ziwe unga kabisa. Vipande vikubwa vinavimba na kupasua. Plastiki siijui kwa mikono yangu. Mtazameni Nzambi Matee wa Nairobi, anayetengeneza pevingi (tofali za kutandika chini) kwa plastiki na mchanga, Umoja wa Mataifa ulimtambua mwaka 2020.

Mtaji wako wa kwanza uwe mizani nzuri na hela ya maabara. Mashine kubwa itakuja. Anza na pevingi za njia za miguu na tofali za uzio. Nguzo na slabu usiguse mpaka mhandisi aone majibu ya mchanganyiko wako mwenyewe, siyo wangu, na aweke sahihi. Kwenye risiti andika kwamba kuna majivu na asilimia ngapi. Mteja akisita, mwonyeshe karatasi ya maabara. Akikataa bado, mfyatulie za saruji tupu kwa bei ya tofali hizo.