Uliza Shangazi: Warembo na watanashati wa hadithi za malodi

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi ni mwanachuo hapa Dodoma, naandika stori kwenye simu, zile za mashabiki za Uingereza ya zamani, malodi (mabwanyenye wenye vyeo), magauni, dansi mpaka usiku. Sasa wasomaji wangu wananisumbua eti stelingi wangu wa kike sio mzuri, nimemuandika mfupi na maji ya kunde, wao wanataka macho ya kijani na ngozi nyeupe pee. Kwani enzi hizo msichana wa kawaida alikuwa hapendwi? Nimbadilishe? (Msomaji, Makulu)

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimbadilishe! Na hao wanaokusumbua waulize kama wamesoma vitabu vyenyewe au wameishia kwenye tamthilia, maana Jane Austen ndio mama wa stori zote hizi na aliziandika akiwa anaishi humohumo (enzi hizo zinaitwa Regency, fupi tu, 1811 mpaka 1820, mfalme George III anaumwa, mwanae anashika madaraka kwa niaba yake), na yeye sura za wasichana wala hakuhangaika nazo sana. Chukua Elizabeth Bennet wa kitabu cha Pride and Prejudice, 1813. Bwana Darcy, tajiri mmoja, anamuona kwenye dansi anasema yule anavumilika tu, sio mzuri wa kunitamanisha mimi, na binti anasikia kwa masikio yake! Halafu taratibu jamaa anaanza kuona macho, na macho yenyewe yameandikwa ni ya rangi nzito, sio kijani. Siku binti katembea maili tatu kwenda kumuona dada yake mgonjwa, kafika gauni limejaa tope, wadada wa mjini wanamcheka, Darcy anasema matembezi yamefanya macho yake yang'ae zaidi. Baadae kiangazi kasafiri jua limempiga, Miss Bingley, mmoja wa wale wadada wa mjini, anasema kawa mweusi na kakomaa, Darcy anajibu kiangazi mtu akisafiri kuungua ni kawaida, na anamalizia kwamba huyo ni kati ya wanawake wazuri kabisa anaowafahamu. Hapo sura ya Elizabeth haijabadilika hata kidogo, aliyebadilika ni Darcy, na utamu wote wa kitabu uko hapo. Stelingi wako akipendwa na kila mtu kuanzia ukurasa wa kwanza, unatubakizia nini sisi tunaosoma? Na Marianne wa kitabu chake cha 1811, Sense and Sensibility, kaandikwa wazi kwamba ngozi yake ilikuwa ya kahawia sana lakini inang'aa, na wanaume walikuwa wanamgombania.

Nisikudanganye lakini, weupe walikuwa wanautaka kweli. Kuungua jua ilikuwa dalili unafanya kazi shambani, ndio maana kofia, glavu na miamvuli haviishi kwenye stori hizo. Kulikuwa na dawa ya uso inaitwa Gowland's Lotion, Austen kaitaja kwenye kitabu chake cha Persuasion, baba mmoja anajipenda kupita kiasi, chumba kimejaa vioo, anamsifia kila mtu hiyo dawa eti inaondoa madoadoa. Ndani ilikuwa na zebaki. Zebaki! Hiyohiyo ya kwenye mkorogo uliopigwa marufuku hapa nchini na bado unauzwa kwa kificho. Yani ukitaka sehemu ya kutia huzuni kwenye stori yako mwanangu, mpe mdogo wake stelingi kichupa cha hiyo dawa.

SWALI: Shangazi mi ni fundi pikipiki Kibaigwa. Mchumba wangu anasoma hizo hadithi usiku kucha, wanaume wote humo ni maduku (cheo cha juu kuliko malodi wengine), warefu, matajiri, wana hasira. Tutashindana nao vipi? (Fundi)

JIBU: Pole baba. Kwanza hao maduku wa kwenye stori ni wengi mno, wa ukweli enzi zile ungewapakia kwenye basi moja la Dar na siti zingebaki. Pili, hela ilikuwa inapamba sura. Darcy anaingia ukumbini watu wanamuona mtanashati huku habari zinazunguka ana pauni 10,000 kwa mwaka, usiku uleule akaonyesha dharau, wakaanza kusema uso wake haupendezi kabisa. Kuna mwingine, Henry Crawford wa kitabu cha Austen cha 1814, Mansfield Park, siku ya kwanza wadada wanasema mbaya kabisa, mara ya pili wanasema aa, sio sana, mara ya tatu hakuna anayeruhusiwa kumuita mbaya. Alikuwa anajua kuongea tu huyo.

Na usiwalaumu wale mabinti. Akina Bennet walikuwa watano bila kaka, baba akifa nyumba inaenda kwa binamu wa kiume, na mwanamke akiolewa mali yake inashikwa na mume, sheria imekuja kulegea 1870 na 1882. Kwetu Ugogoni ng'ombe wanatoka upande wa mwanaume, kule binti ndio alitegemewa aje na hela, asiye nazo abaki na sura na ulimi wake.

Ila bitozi wa kweli wa enzi hizo, Beau Brummell, hakuwa lodi wala duku. Alijulikana kwa kuoga kila siku, kunyoa vizuri, koti la bluu iliyokolea lisilo na mapambo na kitambaa cheupe cha shingoni kilichopigwa wanga, London nzima ikamuiga mpaka mtoto wa mfalme. 1816 akakimbilia Ufaransa kwa madeni, hiyo usiige. Oga utoe grisi, piga pasi shati, na hivyo vitabu muombe akusimulie.

SWALI: Nina miaka 29, kwenye stori hizo ningeshaitwa kikongwe? (Dada, Singida)

JIBU: Anne Elliot wa hiyohiyo Persuasion, iliyotoka mwishoni mwa 1817 Austen akiwa ameshafariki, ana miaka 27 na watu wanasema kachuja, mpaka aliyekuwa mchumba wake anasema kabadilika hata asingemtambua. Wanaenda Lyme ufukweni, upepo unamrudishia rangi usoni, mkaka mmoja mgeni anamkodolea macho, na yule wa zamani anamuona anavyomkodolea, basi akili zinaanza kumrudi. Kasome, sio kirefu, na hakimilikiwi na mtu tena kwa hiyo mtandaoni kipo bure.