Maua ya trei za mayai yanachanika

SWALI: Habari za kazi. Wanangu wanatengeneza maua kama ya Kitulo, ile hifadhi yenye maua mengi ya porini zikiwemo okidi, kwa trei za mayai. Petali zinachanika tukizikunja, na tukipaka rangi ya maji ua zima linalegea. Tunakosea wapi? – Mama wa watoto watatu, Uyole, Mbeya

JIBU: Pole, mama. Trei ni karatasi iliyosagwa na kukandamizwa. Nyuzi zake ni fupi: ukiikunja kavu inakatika, ikilowa sana inaachana. Kata kikombe kimoja, pasua pembe zake 4 hadi theluthi mbili ya kina, usifike kwenye kitako. Pitisha kidole chenye maji upande wa nje tu, subiri dakika 1, ndipo uviringishe petali kwenye penseli. Ikauke kabisa kabla ya rangi. Kwa baridi ya Juni hapo Uyole ni siku nzima, na msiianike juu ya jiko la mkaa, inashika moto upesi.

Rangi ya maji iacheni. Pikeni uji mzito wa kijiko 1 cha unga wa ngano, vijiko 6 vya maji na chumvi kidogo ya kuchelewesha ukungu. Ukipoa, tieni rangi ya chakula. Pakeni ndani kwanza, ikikauka ndipo nje.

Mkitaka okidi hasa, petali 4 hazitoshi. Pasueni vikombe 2 mara 3 kila kimoja, mpachike kimoja ndani ya kingine kwa uji uleule. Petali moja ya ndani iachwe pana na ining'inie: huo ndio mdomo wa okidi, na watoto hufurahi sana kuutia madoa.