Umeme wa Moyo Unatoka Wapi?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mama yangu alipimwa moyo hospitalini. Muuguzi alimbandika waya 10 kifuani, mikononi na miguuni, na punde ikatoka karatasi yenye mistari ya kupanda na kushuka. Tangu siku hiyo mama anaamini kwamba alitiwa umeme mwilini. Je, ni kweli? – Msomaji, Tanga

JIBU: Mpe mama pole, na umtoe hofu, kwa kuwa kipimo hicho hupokea umeme ambao moyo wenyewe huuzalisha. Seli ya msuli wa moyo inapopumzika, potasiamu huwa nyingi ndani yake na sodiamu huwa nyingi nje, na kwa namna utando wake unavyozipitisha chembe hizo, upande wa ndani hubaki na chaji hasi ya takriban milivolti 90. Seli ikisisimuliwa, vijia vya utando hufunguka, sodiamu huingia kwa kasi na chaji hugeuka kuwa chanya. Kisha huingia kalisi, ambayo ndiyo huufanya msuli ujikaze.

Msisimko huo huanzia katika kifundo kidogo kilicho kwenye chumba cha juu cha kulia, ambacho Arthur Keith na Martin Flack wa Uingereza walikieleza mwaka 1907. Kifundo hicho hujisisimua chenyewe bila kungoja amri ya ubongo, ingawa mishipa ya fahamu huweza kukiharakisha au kukipunguzia kasi. Msisimko ukishaenea katika vyumba vya juu, hucheleweshwa kwa takriban sehemu ya kumi ya sekunde kabla ya kushuka, na kwangu mimi hili ndilo jambo la kustaajabisha kuliko yote, maana bila muda huo mfupi vyumba vya chini vingejikaza kabla ya kupokea damu yote inayotoka juu.

Kwa kuwa majimaji ya mwili yana chumvi, umeme huo hufika hadi kwenye ngozi, lakini ukiwa umefifia hadi takriban milivolti 1. Ndiyo sababu Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi yake ya kupima umeme wa moyo, aliwatumbukiza wagonjwa wake mikono na mguu katika vyombo vya maji ya chumvi, ili umeme upite vizuri kutoka kwenye ngozi hadi kwenye mashine. Leo jeli ya vibandiko hufanya kazi hiyo.

Katika karatasi ya mama, wimbi dogo la kwanza ni la vyumba vya juu, kilele kirefu ni cha vyumba vya chini, na wimbi la mwisho huonyesha vyumba hivyo vya chini vikirudi katika hali ya kupumzika. Hata hivyo, karatasi huonyesha umeme tu, wala haipimi nguvu ya moyo kusukuma damu, kwa hiyo daktari akiagiza pia altrasaundi ya moyo msishangae. Karatasi hiyo itunzeni, kwani atakayempima mama siku nyingine atahitaji kuilinganisha na mpya.